Mwana, Bwana na Fumo: Majina ya Watu wa Amu

Aketiye barazani mjini Amu wakati wa alasiri, akawasikiliza wenyeji wakiitana, hatakawia kutambua ya kuwa majina mengi ya wanawake yana neno moja lililotangulia. Na ingawa makarani wa leo wameyaunga yakawa Mwanaisha na Mwanahawa, kana kwamba yalizaliwa hivyo, zamani kila kipande kilikuwa na kazi yake. Aisha na Hawa yalikuja pamoja na dini. Mwana ni neno la papa hapa, nalo ndilo lililotangaza daraja ya mwenye jina.

Kwa asili mwana ni mtoto, lakini katika visiwa hivi vya Amu na Pate neno hilo lilipanda cheo likawa la bibi aliyezaliwa katika nyumba ya kiungwana, kama Bwana lilivyokuwa kwa mwanamume. Pate ilitawaliwa katika karne ya 18 na malkia Mwana Khadija. Na masultani wa Kinabahani, waliojinasibu na Omani, wana katika silsila yao Bwana Tamu Mkuu na Bwana Tamu Mtoto, majina ambayo hakuna Mwarabu angeyatambua. Wengine walichukua Fumo, neno la kale lenye maana ya mkuki na pia ya mfalme, alilokuwa nalo shujaa Liyongo kabla yao: Fumo Madi, Fumo Luti, na Fumo Bakari, ambaye Waingereza waliuteketeza mji wake wa Witu mwaka 1890. Luti ni nabii, na Bakari ni Abubakari aliyepunguziwa mwanzo wake. Basi mtu alibeba mkuki wa mababu mkono mmoja, na kitabu mkono wa pili.

Lakini lipendezalo kuliko yote, kwa kadiri ya dhauki yangu, ni la Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa nasaha mwaka 1858. Kupona si jina la nabii wala la sahaba. Ni kitendo kitupu kilichogeuzwa dua, na kila aliyemwita alimwombea afya pasipo kukusudia. Katika jina la bintiye sikio laweza kusikia ukoo wa Hashimu au heshima, na sioni haja ya kuchagua.

Wala si sisi tu tulioifunga dini katika majina: watu wa Ireland nao walikuwa na ada ya kumwita mtoto Giolla Phádraig, yaani mtumishi wa Patrick, walii wao. Tena jina la Bibi Mariamu, Muire, walilitenga kwa ajili yake peke yake, na binti zao wakawaita Máire. Kwetu utumishi wa namna hiyo haupelekwi kwa walii wala kwa mtume: Abdalla na Abdurahmani ni watumwa wa Mungu tu. Hapo ndipo penye ajabu ambayo wazee hawapendi kuizungumza sana. Muungwana, mwenye nyumba ya mawe na zidaka za kauri, alijiita mtumwa na kuona fahari. Bali mtumwa hasa, yule aliyenunuliwa, katika pwani nzima alipewa jina la johari au la bahati njema, Almasi, Feruzi, Mabruki, kama mtu aitavyo chombo cha thamani alichokiweka ndani. Wengine waliitwa kwa siku tu, Juma au Hamisi, ijapokuwa siku hizo waungwana nao walizitumia.

Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, hapakuwa na sheria iliyofuta majina; yalijifuta yenyewe polepole, katika akika za siku ya saba, pale ambapo mjukuu wa Feruzi aliitwa Abdalla. Na lile Mwana la mabibi wa Pate, lililokuwa likilindwa kama ufunguo wa nyumba, makarani walipoliunga na jina likatoka mlangoni: leo Mwanaisha ni binti wa nahodha, wa mvuvi na wa mchukuzi, naye mwalimu humwita darasani pasipo kujua kwamba amemwita kwa cheo.