Urafiki na Mapenzi katika Kiswahili cha Sinema: Musoma, Bunda na Butiama

Wale waliojishughulisha na sinema katika Afrika ya Mashariki wamebishana sana juu ya picha ziwapendezazo vijana, mapenzi au urafiki, lakini ni nadra kuuliza vijana hao walisikia nini. Katika mkoa wa Mara swali hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa Musoma aweza kulelewa katika Kijita au Kikwaya, wa Butiama katika Kizanaki, wa Bunda katika Kisizaki au Kiikizu. Lakini picha ikisemeshwa lugha wanayoifahamu wote, lugha hiyo ni Kiswahili. Na kwa miaka mingi Kiswahili hicho hakikutoka katika vinywa vya wapendanao wenyewe.

Desturi hiyo ni kongwe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza picha huko Vugiri, karibu na Korogwe, ambazo maneno yake yalitiwa katika santuri za lugha mbalimbali. Shabaha ilikuwa mafundisho: akiba ya posta, kodi, minyoo. Mahaba yaliachiwa sinema za mijini, na hasa picha za Kihindi. Laura Fair ameonyesha jinsi picha kama Awara ya mwaka 1951 zilivyowapa vijana wa Zanzibar nafasi ya kujadiliana kama moyo utii shauri la wazazi au la. Wengi wao hawakujua Kihindi. Hadithi ilikamilika baada ya kusimuliwa.

Kwa upande wa Mara, mfano ulio bora kabisa haukuwa wa sinema. Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alichapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Watu wameizungumza tafsiri hiyo kwa ajili ya riba na ubepari, jambo ambalo kichwa chake chalialika. Walakini kiini cha mchezo huo wa Shakespeare ni rafiki anayejitia rehani ili mwenzake akapose, kisha pete ya mke inayotolewa kwa kusihiwa na rafiki huyo huyo. Kwa hiyo mtu ambaye lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kizanaki ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiswahili mashindano haya katika umbo lake timamu. Miaka mitano baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma lilihimiza elimu ya msingi kwa wote, na kizazi kizima cha watoto kikapelekwa katika madarasa ya Kiswahili. Hicho ndicho kizazi kilichokuwa tayari kusikia.

Televisheni haikuwako Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Kanda za video zilitangulia, na pamoja nazo mabanda ambayo watu wa mitaani waliyaita vibanda umiza, na wasimulizi walioitwa madijei. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu. Msimulizi huyu peke yake alikuwa steringi, adui, mama na mchumba. Alieleza, alikejeli, akaongeza methali. Alipofika penye busu aliweza kulifanya kichekesho, na alipofika penye marafiki wawili wanaofiana aliweza kukawia. Waliojaa mabandani walikuwa zaidi wavulana, na yaonekana usimulizi uliwafuata: urafiki ulipandishwa cheo, mapenzi yakawa mtihani wake tu. Sarufi yenyewe ilisaidia. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika nafsi ya tatu, na "rafiki yake", neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya mwenzi wa safari, laweza kuwa sahibu au hawara. Aliyekaa nyuma, akazibwa na vichwa vya mbele, hakuwa na njia ya kujua ila kwa sauti ya dijei.

Mwaka 2003 picha ya George Tyson iitwayo Girlfriend ilifungua mlango wa filamu ambamo vijana wa Kitanzania wanazungumza mapenzi kwa vinywa vyao. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliutumia mlango huo mpaka kifo chake Aprili 2012. Mwaka 2011 ikaja tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake katika televisheni ya TBC, na baadaye zile za Kituruki zilizoletwa na Azam. Hapa kila mhusika amepewa sauti yake ya Kiswahili, na kikao kimehama kutoka bandani hadi sebuleni, wanapokaa mama, binti na shangazi. Si ajabu kwamba mizani imeinama upande wa mapenzi na ndoa. Kusema kwamba vijana wamebadilika tabia ni haraka mno. Huenda waliobadilika ni wasikilizaji walioruhusiwa kukaa mbele.

Lakini dijei alikuwa na uhuru ambao sauti zilizotiwa studioni hazinao: aliweza kugeuza maneno yake kwa kadiri ya waliokaa mbele yake, na kuwajibu wakicheka. Katika tamthilia za leo binti wa Butiama humsikia mchumba wa Istanbul akibembeleza kwa Kiswahili sanifu, kisha huinuka na kumwitikia bibi yake kwa Kizanaki.