Hospitali ya Kufundishia na Hazina ya Umma

Mnamo mwaka 1901 ilifunguliwa mjini Nairobi hospitali ndogo ya Waafrika, yenye vitanda 40. Mwaka 1952 ilipewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya Uhuru ikaitwa Hospitali ya Kenyatta. Siku hizo kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari aliweza kwenda Makerere, akajifunza kazi yake penye vitanda vya Mulago, kule Kampala. Mwaka 1967 shule ya udaktari ilianzishwa Nairobi. Tangu hapo hospitali ya Kenyatta ikabeba mizigo miwili: kumtibu mgonjwa wa leo, na kumwandaa daktari wa kesho.

Mizigo hiyo hailipiwi kwa njia moja. Mgonjwa aliyevunjika mguu aweza kuambiwa bei ya dawa na ya kitanda. Lakini ni nani atakayelipia saa ambazo daktari bingwa humwonyesha mwanafunzi namna ya kusikiliza moyo? Ni nani atakayelipia maabara na maktaba? Kumtoza mgonjwa gharama hizo ni kumlipisha kwa ajili ya watu watakaotibiwa na mwanafunzi yule miaka mingi ijayo.

Historia yetu imekwisha kutuonya. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyotozwa katika hospitali zake. Mwaka 1989, fedha zilipopungua, ada zikarudishwa. Wagonjwa wengi wakabaki majumbani na maradhi yao, hata mwaka 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa. Baadaye ikarejeshwa kidogo kidogo. Watetezi wa ada hunena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba kimoja hakilishi nyumba yenye wageni wengi.

Basi hapana budi hazina ya umma ibebe mzigo wa mafunzo, maana faida yake ni ya wote. Nayo hospitali yapasa itoe hesabu ya kila shilingi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ewe msomaji, huenda hujapata kulala katika hospitali ile. Lakini daktari atakayekupokea siku ya ugonjwa wako yamkini alijifunza humo.