Simba wa Nairobi na Mlango wa Kusini

Zaburi ya 104 inawagawia viumbe saa zao. Usiku ni wa simba, nao humtazamia Mungu kwa chakula. Jua likichomoza wao hurudi kujilaza, na mwanadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Sisi tunaoishi Nairobi na viunga vyake tunajua zamu hizo zimevurugika, na historia ya jambo hilo si ndefu.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, mahali ambapo Wamaasai walilisha ng'ombe na kupaita kwa jina la maji baridi. Mwaka uliofuata, kituoni Kima, simba aliingia ndani ya behewa usiku akamuua Charles Ryall, afisa wa polisi. (Ryall ndiye aliyekuwa akimvizia simba huyo, ila usingizi ulimshinda.)

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini. Ni ndogo, kilomita za mraba 117 tu. Ua ulijengwa upande wa mji, lakini kusini, penye mto Mbagathi, pakaachwa wazi. Sababu ilikuwa njema: wakati wa mvua nyumbu na punda milia walitoka kwenda tambarare za Athi-Kapiti, na kiangazi wakarudi kwenye maji ya mbuga. Simba waliwafuata huko na huko. Kwa hiyo makao yao hayakuwahi kuwa zile kilomita 117 peke yake.

Mwaka 1988 ardhi ya pamoja ya wafugaji wa Kitengela ikaanza kugawanywa, kila mtu na hati yake. Viwanda vya Athi River vikaleta wafanyakazi, nao walihitaji pa kulala. Barabara ya Namanga ikawa ya maduka na machimbo, na ploti zikapimwa futi 50 kwa 100. Hapa tuseme kweli: hakuna aliyeiba. Wafugaji waliuza kwa sababu karo haingojei. Walionunua walikuwa walimu, wauguzi, wastaafu na vyama vya akiba, na makanisa nayo yakajenga. Kila ua ulikuwa halali. Nyumbu ndiye aliyekosa pa kupita, na simba akabaki na mbuzi wa jirani.

Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mfugaji aliyeamka na kukuta zizi limejaa mizoga hakuwa na moyo wa kuhesabu simba waliobaki, na sisi tulio mbali na zizi hatuna haki ya kumhukumu upesi. Machi 2016 simba alionekana barabara ya Mombasa mchana, katikati ya honi za magari, akamjeruhi mtu. Kabla mwezi haujaisha mwingine, aliyeitwa Mohawk, alipigwa risasi Isinya.

Reli mpya ya mwaka 2019 inapita juu ya mbuga kwa daraja refu, na wanyama hupita chini yake. Karibu na Mlima Kenya, tangu 2011, ndovu wana njia yao chini ya barabara kuu ya Meru. Lakini kusini mwa Nairobi kizuizi kikubwa si reli, ni ua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wasijenge wala wasizungushe ua. Dalali wa ploti hutoa zaidi ya hizo kwa asubuhi moja, na vikaratasi vyake hugawiwa hata kwenye malango ya makanisa, Jumapili, watu wakitoka ibadani.