Mwendesha kamera za usalama

Mwendesha kamera za usalama ni mtumishi wa ulinzi anayefuatilia, kwenye skrini za chumba cha udhibiti, picha za kamera zilizofungwa bandarini, benki, madukani au barabarani. Huelekeza kamera, huwaarifu kwa redio walinzi walio nje, huandika matukio kwenye daftari la zamu na hutunza rekodi zinazoweza kuhitajika mahakamani. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ya kukaa na kutazama tu, lakini ushahidi unawapinga. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth, akichunguza tatizo la waendesha rada wa Uingereza kupitwa na ishara, alionyesha kuwa uwezo wa kugundua ishara adimu hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo mapumziko ya mara kwa mara ni sharti la kazi, wala si anasa. Programu za kutambua mwendo hupunguza mzigo wa kutazama, ila kivuli au mvua huweza kuzifanya zitoe tahadhari za bure, na uamuzi hubaki kwa mtu. Mwendesha kamera hutakiwa pia kutunza siri: picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, nayo hulindwa nchini Kenya na sheria ya 2019 na nchini Tanzania na sheria ya 2022.