Ukanda wa Kipajini: Historia ya Kubeba Mizigo Meru na Embu

Kabla ya barabara kufika, mizigo katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ilisafiri migongoni mwa wanawake. Ukanda wa ngozi, ambao Wagikuyu huuita mukwa, ulizungushwa kwenye kuni, kiondo cha mawele au kibuyu cha maji, kisha ukapitishwa juu ya kipaji cha uso. Mbebaji aliinama kidogo mbele, mzigo ukalala kiunoni, mikono ikabaki huru kushika jembe au mtoto. Wasichana walijifunza kazi hii mapema kwa mizigo midogo.

Kuinama huko kulikuwa na sababu. Ukanda huvuta kichwa nyuma, na shingo ina pingili 7 tu, nyembamba kuliko zile 5 za kiunoni. Mwili unapoinama, mvuto wa ukanda hufuata mstari wa shingo, hivyo pingili hubanwa badala ya kupindwa, na mfupa huhimili kubanwa vizuri zaidi kuliko kupindwa. Uzito uliobaki hushuka hadi kwenye nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe chake, kisha magotini na kwenye vifundo vya miguu. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kuwa mfupa hujijenga upya kulingana na nguvu unazobeba. Wanawake wazee wa mlimani waliibeba kazi hiyo usoni: wengi walibaki na mfereji kwenye kipaji hata baada ya kuacha kubeba.

Utawala wa Waingereza uliingia Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wanaume wa Kenya walikusanywa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoacha jina la Kariakoo, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Nyumbani ukanda uliendelea na kazi yake. Kuanzia mwaka 1933 serikali iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kujaribu kupanda kahawa, zao walilokuwa wamezuiwa kulima. Mavuno hayo nayo yalihitaji migongo, kwa kuwa buni mbivu haina budi kufikishwa kiwandani upesi kabla haijaharibika.

Sayansi ilichelewa kuutazama mwendo huu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake Wajaluo wanaobeba kichwani na Wagikuyu, majirani wa Waembu, wanaobeba kwa ukanda. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya oksijeni hata kidogo. Maelezo yalipatikana mwaka 1995. Mtu anapotembea, mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga kisha hushuka, kama pendulamu iliyopinduliwa, na nguvu ya kushuka hugeuka kuwa kasi ya kusonga mbele. Kwa kawaida sehemu ya nguvu hiyo hupotea. Wanawake hao, walipobebeshwa mzigo, walipoteza kiasi kidogo kuliko kawaida.

Ni ustadi mkubwa wa viungo, uliojengwa kwa miaka ya mazoezi tangu utotoni, nao unastahili heshima. Lakini vipimo hivyo vilihesabu pumzi, havikuhesabu maumivu. Mzigo wa kuni ulizidi asilimia 20 mara nyingi, na ukizidi hapo gharama hupanda; visahani vya gegedu kati ya pingili huchakaa, magoti pia, hasa kwenye mteremko wenye utelezi.

Ngozi ilipisha kamba ya katani na mikanda ya nailoni, na kibuyu kikapisha mtungi wa plastiki. Punda, mkokoteni na, katika miaka ya karibuni, bodaboda zimechukua safari nyingi za sokoni na kiwandani. Ukanda umebaki kwenye vijia vya mabondeni, kati ya mto na nyumba, mahali ambapo gurudumu halipiti.