Nani Aandikwe? Historia ya Orodha ya Wapiga Kura wa Vijiji na Mitaa

Katikati ya mwaka 1958, maelfu ya watu wa Geita walivuka kwenda Mwanza, makao makuu ya Jimbo la Ziwa enzi hizo, wakakaa huko wakidai kusikilizwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewaundia halmashauri ya wilaya yenye viti vya Wazungu na Waasia sambamba na vya Waafrika, katika wilaya ambayo wakazi wake walikuwa karibu wote wakulima wa pamba na wafugaji wa Kisukuma na Kizinza. Hakuna aliyewauliza kama wanaitaka. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, lakini halmashauri yenyewe haikupona. Mpango wa kueneza mabaraza ya rangi tatu wilayani ukakwama hapo.

Vitabu vya historia hupita haraka Geita, vikikimbilia mikutano ya chama cha TANU na meza za Umoja wa Mataifa. Ni hasara, maana ugomvi wa Geita ulihusu jambo ambalo mpaka leo hugombaniwa kila baada ya miaka mitano, kuanzia Namtumbo hadi Ngara: katika uchaguzi wa pale mtu anapoishi, nani ahesabiwe kuwa mwenyeji, na nani mwenye kalamu ya kuandika jina lake?

Kwa muda mrefu wa utawala wa kikoloni swali hilo halikuwapo kabisa. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe, na jumbe hakuchaguliwa na aliowatoza kodi. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walipitisha mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, wakarudisha machifu na watemi mbele. Mwananchi alitambuliwa na serikali kupitia daftari moja tu, la kodi. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953, enzi ya Gavana Edward Twining, ndiyo iliyofungua mlango wa halmashauri zenye wajumbe nje ya ukoo wa chifu. Ila Twining aliamini kwamba Tanganyika ni nchi ya jamii tatu zenye haki ya uzani sawa, hata kama moja ilikuwa na watu milioni nane na ushei na nyingine makumi ya maelfu tu. Geita ikawa mahali ambapo imani hiyo iligongana na watu.

Mwaka huohuo wa Geita, 1958, nchi iliingia katika uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, ule wa kura tatu. Mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, kura yake imeharibika. Kabla ya kufika huko ilibidi kwanza aandikwe, na kuandikwa kulikuwa na masharti: umri wa miaka 21, na juu yake awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amefika darasa la nane, au awe ameshika wadhifa uliotambuliwa, kama uchifu.

Hebu fikiria masharti hayo yanamkuta nani. Mkulima wa Ugogo hayumo. Mchukuzi wa mizigo bandarini hayumo. Kina mama waliojaza viwanja vya Dar es Salaam kumsikiliza Bibi Titi Mohamed wa TANU, wengi wao hawamo, ingawa sheria haikumzuia mwanamke kwa jinsia yake. Karani, mwalimu na mfanyabiashara wamo. Walioandikwa nchi nzima hawakufika 60,000. Ndiyo maana mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa mgumu: kushiriki kura hiyo ilikuwa kama kukubali kwamba wanachama wengi wa chama si watu wa kuhesabiwa. Julius Nyerere, kiongozi wa chama, alishinda hoja, chama kikaingia, na Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaanzisha African National Congress. Historia imempa Nyerere haki, kwa kuwa wagombea walioungwa mkono na TANU walivuna viti karibu vyote. Hata hivyo pingamizi la Mtemvu halikuwa la kipuuzi.

Baada ya hapo masharti yalilegea kwa kasi. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75. Walioandikwa wakafika takriban 885,000. Kichekesho ni kwamba wengi wao hawakupata cha kufanya: kati ya viti 71, viti 58 vilikuwa na mgombea mmoja tu, akapita bila kupingwa. Mwaka huohuo Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwanazuoni, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Na Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais wa jamhuri, kipato na kisomo viliwekwa kando. Raia mtu mzima alitosha. Mtemvu aligombea dhidi ya Nyerere, na wale ambao yeye alikuwa amewapigania waandikwe wakamnyima kura. Hakufika asilimia mbili.

Kuanzia hapo kipimo kilichobaki katika ngazi ya chini ni ukaazi, na ukaazi hauthibitishwi kwa stakabadhi bali kwa majirani. TANU ilijenga juu ya msingi huohuo ilipoanzisha mfumo wa nyumba kumi. Balozi wa nyumba hizo kumi alijua nani kahamia, nani kafiwa, nani ana mgeni wa wiki ya tatu asiyeeleweka. Alikuwa kiongozi wa chama, ila kazi yake ilikuwa pia ya kitarishi na ya kipolisi. Barua yake ilimfungulia mtu milango au kuifunga. Wazee wa umri fulani bado humwita mjumbe wa shina “balozi” kwa heshima ileile, ingawa sheria za leo za uchaguzi hazimjui.

Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, na za miji zikafuata. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo wengine waliliona la mzaha, kwa sababu madaraka yalikwenda mikoani yakiwa mikononi mwa maofisa walioteuliwa kutoka juu. Kwa muda wa miaka kadhaa hapakuwa na diwani wa kuchagua. Huduma za miji zilidorora, na mwaka 1978 sheria ya mpito ilianza kuzirudisha halmashauri za miji.

Hapo katikati, bila kelele, kijiji kilipata uzito wa kisheria. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 iliunda mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji. Mwaka 1982 Bunge lilipozirudisha serikali za mitaa kwa Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, mkutano mkuu ulibaki mle ndani ukiwa na uanachama mwepesi kuliko wa chombo chochote nchini: kila mtu ambaye kwa kawaida anaishi kijijini, na ambaye kwa kumtazama anaonekana amefikisha miaka 18. Kwa kumtazama. Waandishi wa sheria walijua nchi yao. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha wachache, na mwaka wa kuzaliwa ulitajwa kwa njaa, kwa mafuriko au kwa ujio wa treni. Mimi naiona kuwa ibara ya busara. Imewatambua wanakijiji kama walivyo, bila kuwadai karatasi ambayo serikali yenyewe haikuwahi kuwapa.

Vyama vingi viliporudi Julai 1992, busara hiyo iliingia majaribuni. Uchaguzi wa kwanza wa ushindani katika ngazi hizi ulifanyika 1994, kisha 1999, na tangu hapo umekuwa ukija kila mwaka wa nne wa muhula, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Madiwani baadaye walihamishiwa kwenye uchaguzi mkuu pamoja na wabunge na rais. Walioachwa huku chini ni wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa na wajumbe wao. Wasiowajua huwadharau. Lakini anayetaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, kumwekea ndugu dhamana au kuomba kitambulisho cha taifa ataanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na anayeuziwa kiwanja kisichopimwa hutafuta mhuri wake kabla ya kutoa fedha.

Mwaka 2004 Tume ya Uchaguzi ilianza kuandaa Daftari la Kudumu la Wapigakura, na 2015 likaja la kielektroniki la BVR, lenye alama za vidole na picha, lililoanzia Makambako mkoani Njombe. Mtu angetarajia kwamba daftari hilo ndilo lingetumika kila mahali. Haikuwa hivyo. Uchaguzi wa vijiji na mitaa uko chini ya kanuni za waziri mwenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI), na kanuni hizo zina orodha yake nyingine inayoandikwa upya kila uchaguzi, kitongoji kwa kitongoji, mtaa kwa mtaa. Masharti ni manne: uraia, miaka 18, akili timamu na ukaazi wa eneo husika. Kadi ya mpiga kura si sharti. Unafika kituoni, unataja jina na umri, unaandikwa, unatia saini au dole gumba. Orodha hubandikwa hadharani ili anayemwona mtu asiyestahili aweke pingamizi.

Ndiyo maana kila mara maofisa hurudia tangazo lilelile kupitia redio na magari ya vipaza sauti: kuwamo kwenye Daftari la Kudumu hakukupi kura ya mtaa, na kuandikwa kwenye orodha ya mtaa hakukupi kura ya rais. Na kila mara siku ya kura hupatikana mtu aliyefika na kadi yake ya Tume mkononi, safi, yenye picha, akaambiwa jina halimo.

Mwaka 2014 ulikuwa na vurugu za aina yake. Baadhi ya vituo vilikosa karatasi za kura au majina ya wagombea yalikosewa, uchaguzi ukaahirishwa sehemu kadhaa, na wakurugenzi kadhaa wa halmashauri wakavuliwa madaraka kwa uzembe. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM, chama tawala, ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 uandikishaji ulifanyika siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, katika vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 64,000, na serikali ikatangaza kuwa walioandikwa ni zaidi ya milioni 31. Upinzani ulilalamikia orodha zenyewe, ukidai zina majina ya wanafunzi wasiofikisha umri na watu wasiojulikana mitaani. Serikali ikajibu kwamba nafasi ya pingamizi ilikuwapo.

Madai yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Orodha inayotegemea kufahamiana ina nguvu pale tu watu wanapofahamiana na wanapothubutu kusema. Katika kitongoji cha kaya 80 huko Makete, jina geni litaonekana siku hiyohiyo. Katika mtaa wa Mbagala wenye maelfu ya wapangaji, nani atasimama mbele ya ubao wa matangazo na kuyachuja majina mia kwa mia? Na hata akiliona jina la ajabu, pingamizi lake hulipeleka kwa mwandikishaji aliyeteuliwa na msimamizi, ambaye naye ni mtumishi wa serikali ileile ambayo chama chake kinagombea.

Zanzibar ilikwenda njia nyingine kabisa. Sheha, kiongozi wa shehia, hachaguliwi, huteuliwa, kwa hiyo hakuna uchaguzi wa shehia wa kuuandikia orodha. Lakini kwa chaguzi za huko ukaazi ni sharti gumu: miezi 36 mfululizo jimboni, pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari, na sheha ndiye mara nyingi anayesema unaishi au huishi. Bara hakuna miezi ya kuhesabu kwa ukali huo. Sharti ni jepesi, na mlinzi ni umma. Ukiniuliza, la Bara lina ubinadamu zaidi. Lina pia matundu zaidi.

Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 iliitaja Tume kuwa msimamizi wa chaguzi za vijiji, vitongoji na mitaa, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Novemba mwaka huo sheria hiyo nyingine haikuwapo, TAMISEMI ikasimamia kama zamani. Kuhamisha usimamizi ni jambo moja. Kuchagua daftari ni lingine, na ndilo lisilojadiliwa vya kutosha, kwa sababu Daftari la Kudumu nalo humwandika mtu alipokuwa siku ile, na watu huhama. Mpangaji wa Dar es Salaam hulipa kodi ya miezi mitatu au sita. Mwenye nyumba akipandisha bei, mpangaji hubeba godoro na kuvuka kwenda Kivule au Kibaha, na kadi yake inabaki ikisema Sinza. Orodha ya mtaa ingemkuta alipo sasa, kama mtu yeyote pale angekuwa tayari kusema anamfahamu.