MS (kifupisho cha tiba)

MS ni kifupisho cha herufi mbili kitumiwacho katika maandishi ya tiba, hasa pale matabibu waandikapo kwa Kiingereza, nacho hubeba maana kadhaa zisizo na nasaba baina yao. Katika elimu ya neva, hukusudiwa maradhi sugu ambayo kwayo kinga ya mwili huishambulia ala ifunikayo nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo, yaliyofafanuliwa na tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868. Katika elimu ya moyo, ni kusinyaa kwa vali ya mitrali, aghalabu kwa athari ya homa ya baridi yabisi. Katika vyeti vya dawa, huweza kusomwa salfeti ya mofini, itulizayo maumivu makali, au salfeti ya magnesiamu, izuiayo degedege la kifafa cha mimba. Kwa kuwa kuzichanganya dawa hizo kwaweza kuleta madhara makubwa, hata mauti, Joint Commission, taasisi ya Marekani itoayo ithibati kwa hospitali, ilikitia kifupisho hicho mwaka 2004 katika orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa katika maagizo ya dawa, ikataka jina la kila dawa liandikwe kwa ukamilifu.